Pawatila Iliyochoka: Tafuta Njia ya Vumbi Kabla ya Kununua Pistoni

Pawatila ikianza kuwaka kwa shida, ikatoa moshi na kushindwa kupanda mlima tela likiwa na magunia, jambo la kwanza mwenye nayo huambiwa ni kwamba injini inataka ovahoo. Orodha ya spea huandikwa papo hapo: pistoni, ringi, slivu, beringi za konrodi, gasketi, nozeli. Mwenye uwezo wa kununua nusu ya orodha hununua nusu, injini hufungwa, hufanya kazi vizuri msimu mmoja, kisha hurudi palepale ilipokuwa. Mwongozo huu una msimamo tofauti. Kama pesa yako ni ya kuhesabu, usianze kwa kununua spea. Anza kwa kujua mambo mawili: kompresheni inapotelea wapi, na uchafu ulioila injini uliingilia wapi. La kwanza litakupunguzia orodha. La pili litakufanya usirudi dukani kununua vitu vilevile mwakani.

Injini tutakayoitolea mfano ni S195 ya Kichina, ambayo hufungwa kwenye pawatila za Dongfeng DF-12 na kwenye mashine nyingi za kusaga na za kuvuta maji. Ni dizeli ya silinda moja iliyolala, yenye kipenyo cha milimita 95 na mwendo wa pistoni wa milimita 115, na nguvu yake ni farasi 12 kwa mizunguko 2,000 kwa dakika. Pawatila zilizoingia Tanzania kwa wingi baada ya mpango wa Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009 mara nyingi zina injini za namna hii au zinazokaribiana nayo, kwa hiyo kama yako ni ya kampuni nyingine, kanuni ni zilezile ingawa vipimo vitatofautiana. Heri kubwa ya injini hii kwa mtu asiye na pesa ni kwamba haifichi kitu. Inawashwa kwa hendeli, tangi lake la maji liko wazi juu, haihitaji kompyuta wala betri, na slivu yake inachomolewa na kuwekwa nyingine bila kupeleka bloku kuchongwa. Injini ya aina hiyo unaweza kuihoji kabla ya kuifungua.

Ihoji injini ikiwa bado imefungwa

Anza na kompresheni. Zima mafuta, achia kishikio cha kupunguza kompresheni, kisha zungusha flaiwili taratibu kwa mkono. Pistoni inapofika juu katika kubana, flaiwili inapaswa kukataa na kukurudisha nyuma kama chemchemi. Ikipita kwa ulaini, hewa inatoroka, na inatoroka kwa njia moja kati ya nne. Mwenzako azungushe huku wewe ukisikiliza. Upepo ukisikika kwenye ekzosi, valvu ya kutolea moshi haifungi. Ukisikika kwenye njia ya hewa baada ya kuondoa ea klina, ni valvu ya kuingizia. Ukipumua kwenye tundu la kujazia oili, unapita kwenye ringi. Na tangi la maji ukilijaza hadi ukingoni, mapovu yakapanda kila injini inapobana ilhali bado ni ya baridi, gasketi ya hedi imeungua au hedi imepasuka. Vipimo hivyo vinne havigharimu hata shilingi, na kila kimoja kinaonyesha tatizo tofauti lenye bei tofauti. Kusaga valvu ni kazi ya mikono ya nusu siku. Kubadilisha slivu, pistoni na ringi ni pesa ya mauzo ya magunia.

Kuna kipimo cha tano ambacho mafundi wanakipenda: kumimina oili kidogo ndani ya silinda na kuzungusha tena. Kompresheni ikirudi, inasemekana ringi zimekwisha. Isiporudi, ni valvu au gasketi. Kipimo hiki ni cha kweli, ila kwenye silinda iliyolala kina kasoro, kwa sababu oili hukusanyika upande wa chini na kuacha upande wa juu mkavu. Zungusha kwanza mara kadhaa kishikio cha kupunguza kompresheni kikiwa kimeshikwa ili oili isambae, ndipo upime. Usizidishe kijiko kimoja cha chakula. Oili haibaniki, na ikijaa chumba kidogo cha kuchomea inaweza kupinda konrodi. Tena injini ikiwaka na oili nyingi ndani, inaweza kukimbia yenyewe kwa kuichoma oili hiyo.

Kabla hujahukumu valvu, fungua kifuniko chake na upime mwanya kati ya roka na mkia wa valvu, injini ikiwa baridi na pistoni ikiwa juu katika kubana. Kwa S195 mwanya ni milimita 0.35 kwa valvu ya kuingizia na 0.45 kwa ya kutolea. Injini iliyofanya kazi miaka mingi bila kurekebishwa inaweza kukosa mwanya kabisa: valvu imezama kwenye kiti chake, roka inaisukuma muda wote, na kompresheni inavuja kwa sababu valvu haikai. Kwa macho ya mwenye haraka, injini hiyo imekufa. Kumbe inachohitaji ni spana, bisibisi na fila geji.

Baada ya hapo hamia kwenye mafuta. Legeza skrubu ya kutolea upepo kwenye pampu mpaka dizeli itoke bila mapovu, kisha legeza nati ya bomba kwenye nozeli na uzungushe. Dizeli ikiruka kwa mikupuo, pampu ina uhai. Kaza tena, zungusha na usikilize: nozeli nzima hutoa mlio mkavu wa kukwaruza kila inaponyunyiza. Usiposikia mlio huo, itoe nozeli, ifunge kwenye bomba lake ikiwa nje na uangalie inachonyunyiza. Unachotaka ni ukungu mwembamba unaokatika ghafla. Ukiona mkondo kama wa bomba la maji, au tone linaloning'inia mdomoni, hiyo ndiyo inayokupa moshi na kukunyima nguvu. Nozeli ya injini hii hufunguka kwa mgandamizo wa karibu kilo 125 kwa sentimita moja ya mraba, kwa hiyo usiweke kiganja mbele yake hata kwa mzaha. Dizeli hupenya ngozi bila kuacha jeraha kubwa, lakini huozesha nyama kwa ndani, na aliyepatwa na hilo apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Rangi ya moshi itakusaidia kuunganisha uliyoyasikia. Mweusi unasema dizeli ni nyingi kuliko hewa, na mara nyingi ea klina imeziba. Mweupe unaotoka hata injini ikishapata moto unasema dizeli haiungui vizuri kwa sababu ya kompresheni ndogo, nozeli mbovu au pampu inayopeleka mafuta kwa kuchelewa. Au kuna maji yanayoingia. Wa bluu ni oili inayoungua. Lakini moshi ni shahidi asiyetosha peke yake. Usiihukumu pistoni kwa moshi ilhali upepo unasikika kwenye ekzosi.

Hapa kuna pingamizi linalostahili jibu. Fundi mzoefu atasema kwamba yeye akisikia mlio tu anajua, na kwamba msimu hausubiri mtu akae na kijiko cha oili. Uzoefu ni mali, na fundi mzuri mara nyingi atakuwa sahihi. Lakini hesabu ya hasara haiko sawa pande zote mbili. Vipimo vyote hivi vinakamilika ndani ya asubuhi moja, na vikithibitisha alichosema fundi umepoteza asubuhi hiyo tu. Usipopima, naye akawa amekosea, umenunua pistoni kwa ajili ya valvu isiyokaa, na makosa hayo yanatoka mfukoni mwako, si mwake. Fundi anayejiamini hawezi kuchukizwa na kipimo. Mwombe akifanye mbele yako.

Ukilazimika kufungua, pima kwa ringi yenyewe

Tuseme upepo unatoka kwenye tundu la oili na nguvu imepungua kweli. Sasa unafungua hedi na kuchomoa pistoni. Swali linalobeba pesa nyingi ni hili: ringi peke yake, au slivu nzima na pistoni yake? Watu hujibu kwa kupitisha kidole ndani ya silinda na kusema bado laini. Kidole hakitoshi. Vilevile si lazima uwe na kifaa cha bei mbaya, kwa kuwa ringi moja na fila geji vinatosha.

Chukua ringi ya juu, iingize ndani ya slivu na uisukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawasawa. Kwanza ipeleke mwisho kabisa wa slivu, mahali ambapo ringi hazifiki injini ikifanya kazi na kwa hiyo hapajaliwa. Pima mwanya wa ncha zake. Kisha irudishe juu, chini kidogo ya pale ringi ya kwanza inapogeukia, mahali panapoliwa kuliko pote, na upime tena. Toa kipimo cha kwanza kwenye cha pili, ugawe kwa 3.14. Jibu ni kiasi ambacho kipenyo cha slivu kimeongezeka. Mfano: chini mwanya ni milimita 0.5, juu ni 1.4. Tofauti ni 0.9, ukigawa kwa 3.14 unapata karibu 0.29. Slivu hiyo iko ukingoni. Ikiwa jibu lako halizidi 0.15, ringi mpya zitakaa na kukupa misimu. Likivuka 0.3, usijidanganye: ringi mpya kwenye slivu iliyopanuka zitapumua kila upande, na zikikuta ngazi iliyobaki juu ya slivu zinaweza kuvunjika. Katikati ya hapo uamuzi ni wako na mfuko wako, lakini angalau utaamua kwa kujua. Ringi mpya nazo zipime: kwa silinda ya milimita 95, mwanya kwenye sehemu isiyoliwa uwe kati ya 0.3 na 0.5.

Kazi ya pili ukiwa umefungua ni ile ambayo karibu kila mtu anairuka, nayo ndiyo kiini cha mwongozo huu: soma uchafu ulipita wapi. Chuma hakichakai ovyo. Vumbi likiingia na hewa, hukutana kwanza na ringi ya juu na sehemu ya juu ya slivu. Utaona ringi ya juu imekonda na kufifia rangi huku ya oili ikiwa bado nzima. Uchafu ukiwa kwenye oili, mambo hugeuka: ringi ya oili na beringi za konrodi ndizo zinazoliwa zaidi, na beringi huwa na mikwaruzo ya kuzunguka. Kisha pitisha kidole kisafi ndani ya bomba la hewa, upande ule ambao hewa imekwisha kuchujwa. Kidole kikitoka na vumbi, umempata mwizi. Ea klina inavuja, gasketi yake imekatika, au oili ya kwenye bakuli lake iliisha zamani na hakuna aliyeangalia.

Udongo una chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko chuma cha slivu. Pawatila ya mpunga hulima matopeni wiki chache tu. Sehemu kubwa ya mwaka huvuta tela kwenye barabara za vumbi, injini ikiwa chini karibu na ardhi, ikimeza hewa ya nyuma ya malori. Kuweka pistoni mpya kwenye injini inayomeza vumbi ni kutia maji kwenye pakacha. Gasketi ya ea klina ni kitu kidogo kwa bei, lakini ndiyo inayoamua kama pistoni itaishi miaka au miezi.

Nini ununue, nini uache

Pingamizi la pili ni la wale wasemao: maadamu umefungua, badilisha kila kitu, usije ukafungua tena. Lina mantiki kwa mwenye pesa, na hata kwako lina nusu ya ukweli. Vipo vitu ambavyo havirudishwi baada ya kutolewa: gasketi ya hedi, oringi za slivu kama umeichomoa, na vifungio vya boliti za konrodi. Bei yake ni ndogo na madhara ya kuvirudia ni makubwa, kwani oringi iliyokauka hupitisha maji kwenye oili, nayo oili ikiwa nyeupe kama maziwa beringi hazina muda mrefu. Slivu mpya nayo iende na pistoni na ringi zake kama seti. Lakini beringi ya konrodi yenye uso mmoja usio na mikwaruzo, iliyokaa vizuri kwenye krenki yake, haifai kutupwa ati kwa sababu umeiona. Spea mpya si lazima iwe bora kuliko ya zamani iliyo nzima, hasa katika soko lenye spea bandia nyingi. Kila kitu kizima unachokitupa kinakula pesa ya kile kilicho kibovu.

Valvu zisizokaa usizinunue kabla hujazisaga. Paka dawa ya kusagia kwenye uso wa valvu, zungusha huku na huku mpaka upate mviringo wa kijivu usiokatika, kisha osha kwa uangalifu, funga springi, na umimine mafuta ya taa kwenye njia ya hewa. Yasipopenya baada ya dakika chache, valvu imekaa. Nozeli inayodondosha isafishe kwa brashi laini ya shaba na dizeli safi, kamwe si kwa waya wa chuma; sindano na kikombe chake vimesagwa pamoja, usichanganye cha huyu na cha yule. Isipopona, nunua ncha yake tu. Pampu iguse mwisho, na kama huna sababu usiiguse kabisa.

Pesa iliyobaki itumie pale ambapo mkono wako hauwezi. Kama uso wa hedi umepinda, au shingo ya krenki ina mikwaruzo inayoshika ukucha, peleka kwa fundi mwenye mashine ya kuchonga. Karakana za shirika la viwanda vidogo, SIDO, na baadhi ya vyuo vya ufundi vya VETA hufanya kazi za aina hiyo. Kulipa mtu akupimie krenki ni nafuu kuliko kununua beringi zitakazounguzwa na krenki hiyohiyo.

Wakati wa kufunga

Fungia mahali pasipo na vumbi, juu ya kitambaa safi, na kila kitu kikiwa kimepakwa oili. Mambo mawili kwenye S195 yanastahili tahadhari ya pekee. Chini ya pampu ya dizeli kuna vibati vyembamba vinavyopanga muda wa kunyunyiza. Vihesabu na uvirudishe vyote, kwa sababu ukipunguza kimoja mafuta yanawahi, ukiongeza yanachelewa. La pili ni la usalama wa maisha. Mkono wa pampu wenye kichwa cha mviringo lazima uingie kwenye uma wa gavana, yaani kidhibiti cha mwendo wa injini. Ukiukosa, injini itawaka na kupanda kasi bila kikomo, na akseleta haitaisikia. Kabla ya kuwasha, chezesha akseleta na uhakikishe mkono wa pampu unafuata. Uwe na kipande cha ubao au kitambaa kizito cha kuziba njia ya hewa, na spana ya kulegeza nati ya bomba la nozeli. Injini ikikimbia, ziba hewa. Usisimame mbele ya flaiwili.

Boliti na nati za hedi zikazwe kwa mshazari na kwa awamu, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini yako. Injini ikishawaka, angalia kile kiashiria chekundu cha oili juu ya kifuniko cha valvu: kisipopanda, zima mara moja, oili haifiki. Saa za kwanza iache izunguke bila mzigo, kisha mzigo mdogo, na oili ya kwanza ibadilishe baada ya saa 30 hadi 50, maana imebeba unga wa chuma wa ringi zinazojisaga. Dizeli ya madumu iache itulie siku nzima, uchukue ya juu, ya chini uiachie maji na tope lake.

Je, si afadhali injini mpya?

Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, na kuna siku ni jibu sahihi. Kama bloku imepasuka, au krenki imekatika, au ukijumlisha ulivyovipima unaona gharama inapita nusu ya bei ya injini mpya ya aina ileile, acha kutengeneza. Kung'ang'ania chuma kilichokufa si ubanaji wa matumizi. Lakini uamuzi huo nao unahitaji vipimo: asiyepima hawezi kujua kama amefika hapo. Tena injini mpya itafungwa kwenye fremu ileile, na dereva yuleyule, barabara ileile, dumu lilelile la dizeli. Kama njia ya vumbi haijazibwa, umenunua tu muda mpya wa kuchakaa.

Kwa hiyo panga matumizi yako kwa utaratibu huu, hata kama pesa inapatikana kidogo kidogo. Kwanza fila geji, nayo itakutumikia miaka. Pili ea klina, gasketi yake na oili yake, hata kabla ya kugusa kitu kingine. Tatu mwanya wa valvu, usafi wa dizeli na nozeli. Nne kusaga valvu na gasketi ya hedi. Tano ringi, au seti ya slivu, kulingana na hesabu uliyoifanya kwa ringi ya zamani. Baada ya kila hatua washa injini na uipe kazi. Nguvu ikirudi, simama hapo na uweke akiba pesa iliyobaki. Katika msimu, fungua bakuli la ea klina kila jioni ya siku ya vumbi, umwage tope, uoshe na ujaze oili hadi alama. Ni kazi ya dakika chache, na hakuna spea dukani inayoweza kuirefushia injini maisha kwa bei hiyo.